Usioge Hadi Alhamisi

"Kwanza kabisa, asioge," alisema MaBhele, akatia kijiko cha nne cha sukari kwenye chai ya watu. "Kuanzia leo hadi Alhamisi ya wiki ijayo, maji asiyaone ila ya kunywa."

MaDlomo alicheka akidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. MaBhele alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta hapo mtaani Zwelitsha kwa miaka ishirini na miwili, na katika mambo ya ruzuku za serikali alikuwa mwalimu wa mtaa mzima. Yeye ndiye aliyejua benchi lipi la ukumbi wa kupimiwa huitwa kwanza, fomu ipi hupotea, na daktari yupi ana huruma.

"Na ndevu zake?"

"Ziache zisimame. Mvalishe ile sweta anayolalia mbwa wako. Na asichane nywele, MaDlomo, nakuomba. Akiulizwa leo ni siku gani, ajikune tu."

"Lakini Lwandiso anajua leo ni siku gani."

"Ndiyo ubaya wenyewe!"

Ujumbe ulikuwa umeingia simuni asubuhi ile. Ruzuku ya ulemavu ya Lwandiso, aliyopewa kwa mwaka mmoja, ilikuwa inakwisha mwisho wa Machi. Akitaka kuendelea nayo, afike ukumbini Alhamisi ya wiki ijayo apimwe upya na daktari. MaDlomo alikuwa ameusoma mara tatu, mara zote akiwa amesimama.

"Na vidonge," MaBhele akaendelea, sasa kwa sauti ya chini, "vidonge asivimeze."

"MaBhele!"

"Siku tisa tu. Mtu hafi kwa siku tisa. Unamkumbuka Thembekile, mtoto wa dada yangu? Kichwa chake na cha mwanao ni kitu kimoja, sauti zilezile. Yule mjinga kaenda mbele ya daktari kaoga, kanyoa, kavaa suruali ya pasi. Kaulizwa, 'Hujambo?' Kajibu, 'Sijambo, daktari, nashukuru dawa zenu.' Weee! Mwezi uliofuata kadi ya ruzuku tupu. Mpaka leo tupu." Akashusha chai kwa mkupuo. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame, mwenzangu. Na wewe mvunguni mwako mna siri, tena inapiga kelele. Daktari akijua mwanao anafanya kazi, mmekwisha."

Siri yenyewe ilikuwa cherehani. Tangu Septemba, siku tatu kwa wiki, Lwandiso alikuwa akishona kwa MaMpinga, mwenye karakana ya sare za makanisa nyuma ya posta. Kazi yake ilikuwa kola, zile kola nyeupe ngumu ambazo akina mama wa maombi ya Alhamisi huvaa juu ya blauzi nyekundu. Kabla ya hapo alikuwa amekaa miaka minane akitazama ukuta. Mwenyewe alisema mlio wa mashine huzifunika sauti za kichwani mwake kama mvua juu ya bati inavyofunika maneno ya jirani. Malipo yalikuwa madogo, na mkutano mkuu wa Pasaka ukishapita, karakana hulala hadi Agosti na malipo hulala nayo. Kazi bila ruzuku ilikuwa njaa ya miezi. Na ruzuku bila kazi ilikuwa kurudi kwenye ule ukuta.

"Nitafikiria," akasema MaDlomo.

"Fikiria upesi," MaBhele akajibu akiinuka. "Daktari hafikirii."

Lwandiso alirudi saa kumi na moja jioni, nyuzi nyeupe zimemganda mikononi mwa sweta. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na mmoja, mrefu, mwenye tabia ya kuinama kila aingiapo mlangoni, hata mlango ukiwa mrefu kumzidi. Akatoa kitu kilichofungwa kwa gazeti.

"Funga macho, mama."

"Nina miaka sitini na minne. Nikifunga macho nitalala."

"Basi lala, ukiamka utaikuta."

Ilikuwa kola mpya. MaMpinga alimruhusu achukue kipande kilichobaki, naye akakishona wakati wa mapumziko. "Ile yako ya zamani imekuwa rangi ya meno ya MaBhele," akasema. MaDlomo alipitisha kidole ukingoni. Mishono ilikuwa imenyooka kama iliyopigiwa rula, na ncha zote mbili zilikuwa kali. Furaha ilimjaa, na palepale hofu ikaikalia juu.

Akamweleza habari za Alhamisi. "Daktari akikuuliza kama unafanya kazi, sema huna kazi."

"Na MaMpinga ni nani? Mzimu?"

"Lwandiso, usinifanyie mchezo."

"Sichezi, mama. Miaka minane watu wanasema siwezi. Sasa naweza, halafu niende mwenyewe nikaseme siwezi?"

"Useme siku moja tu. Kisha uendelee kuweza."

Lwandiso alivuta uzi mmoja kwenye sweta na kuuzungusha kidoleni. "Haya. Na nini kingine kasema MaBhele? Maana hili ni lake, nalisikia sauti yake."

"Usioge hadi Alhamisi."

"MaMpinga hataki mikono michafu kwenye kitambaa cheupe."

"Mikono nawa. Kwingine acha."

Hapo walicheka wote wawili, na MaDlomo akampakulia chakula. Habari ya vidonge hakuigusa.

Kesho yake, Jumatano, alikwenda kliniki kuchukua vidonge vya mwezi, kama alivyozoea siku ambazo Lwandiso yuko kazini. Alipewa bila shida. Njia nzima ya kurudi alikibana kifurushi kwapani kama mtu aliyeiba. Kufika nyumbani alifungua pipa la unga wa mahindi, akakididimiza hadi mkono ukazama, akasawazisha unga juu yake.

"Dawa hazijafika," alimwambia mwanawe jioni. "Wamesema turudi Ijumaa ya wiki ijayo."

"Hawajawahi kukosa."

"Leo wamekosa."

Lwandiso alimtazama mama yake, kisha akatikisa kichwa kukubali. Katika maisha yake yote mama huyu hakuwahi kumdanganya, isipokuwa utotoni alipomwambia sindano haiumi. Kwa nini asimwamini? Akala, akaosha sahani yake, akaenda kulala. MaDlomo alibaki mezani akijiambia kwamba ni siku nane tu.

Siku mbili za mwanzo hazikuwa na neno. Ya tatu, Lwandiso aliamka kabla ya majogoo akapanga viatu vyote vya nyumbani vikielekea mlangoni. Ya nne alifunika televisheni kwa taulo. Ya tano, Jumapili, alikuwa anakula, akasimamisha kijiko hewani na kuuliza kwa upole, "Mama, yule aliyesimama nyuma ya friji naye atakula?"

MaBhele alipoambiwa alipiga makofi. "Imeshika! Si nilikwambia?" Alisema hivyo kama mtu anayeusifia unga wa mkate kwa kuumuka. MaDlomo alimwacha hapo akaingia ndani. Usiku ule hakupata usingizi, na kila alipogeuka alisikia upande wa pili mwanawe akizungumza na watu, akiwaomba wapunguze sauti, mama amelala.

Jumatatu alasiri MaMpinga alikuja kwa miguu, amebeba mfuko mkubwa wa plastiki. Hakutaka chai. Aliumwaga mfuko mezani.

"Blauzi kumi na tisa," akasema. "Hebu tazama mwenyewe."

Hazikuwa zimechanwa. Kola zilikuwa zimefumuliwa kwa wembe, uzi mmoja mmoja, kwa utulivu, zikakunjwa na kuwekwa kando kwa mpangilio. Hata kwa kuharibu, kijana alikuwa ameharibu vizuri.

"Nilimuuliza, 'Lwandiso mwanangu, unafanya nini?' Akaniambia kola zinawanyonga wenye nazo, na kwamba ameagizwa azifungue kabla ya Pasaka." MaMpinga alivuta kiti akakaa, mwanamke mnene mwenye pini za kushonea zimechomekwa kifuani. "Ameagizwa na nani?"

"Sijui."

"MaDlomo, miezi saba sijaona jambo kama hili. Anameza vidonge?"

Macho ya MaDlomo yalikwenda yenyewe kwenye pipa la unga, akayarudisha. "Anameza."

Upande wa pili wa ukuta redio ya MaBhele ilikuwa imezimwa ghafla.

"Moja ya hizi ni ya mke wa mchungaji," MaMpinga akasema. "Amenipigia simu mbele ya wateja, ananiuliza kama karakana yangu sasa imekuwa wodi. Nimeyameza maneno hayo. Ningeweza kumfukuza leo, na hakuna ambaye angenilaumu. Simfukuzi. Ila wembe siwezi kumwachia. Kiti chake nitakiweka wazi wiki moja, hadi Jumatatu. Baada ya hapo nitaweka mtu mwingine, Pasaka hainisubiri mimi." Akainuka. "Nakuachia hizi. Wewe una sindano. Nirudishie hata tano."

Alipoondoka, MaDlomo alivaa miwani akachukua blauzi ya kwanza. Alishona saa nzima. Kola ilitoka imepinda upande kama sikio la mbuzi. Akafumua, akashona tena, ikapinda upande wa pili. Akainua ile kola yake mwenyewe, mpya, akaziweka pamoja mezani. Lwandiso alikuwa akishona ishirini kwa siku. Miezi saba yote MaDlomo alikuwa anaamini moyoni mwake, bila kumwambia mtu, kwamba MaMpinga alimpa kijana kazi kwa kumhurumia, kama mtu anavyompa mtoto unga aukandekande asilie. Kumbe! Aliona aibu, uso wote ukamchoma.

Akaenda kwenye pipa, akakitoa kifurushi, akakipukuta unga. Alikuwa tayari ameshakamata kikombe cha maji. Kisha akaukumbuka ujumbe wa simu. Akaikumbuka kadi tupu ya Thembekile, na miezi ya baridi, na ada ya chama cha mazishi ambayo hawajawahi kuiruka hata mara moja. Siku tatu tu zilikuwa zimebaki. Alisimama hapo jikoni, kikombe mkono huu, dawa mkono ule. Kisha, Mungu amsamehe, akakirudisha kifurushi ndani ya unga.

Alhamisi walifika ukumbini saa mbili asubuhi na kukuta watu wameshajaa. MaDlomo alikuwa amevaa sare yake kamili, sketi nyeusi, blauzi nyekundu, kofia nyeupe na ile kola mpya, kwa sababu saa nane mchana kulikuwa na maombi na hakukuwa na nafasi ya kurudi nyumbani kubadili. Lwandiso alikuwa ndani ya sweta ya mbwa. Watu waliwaangalia, mama anang'aa na mwana ananuka, wakasogea kidogo kwenye benchi.

Benchi zima lilikuwa la wanafunzi wa MaBhele, au wa akina MaBhele wengine. Mzee mmoja alikuwa na gongo la kuazima.

"Mjomba, mguu upi unaumwa?" kijana aliyekaa nyuma yake akamuuliza.

"Wa kushoto."

"Basi hamisha gongo. Tangu uingie unachechemea wa kulia."

Watu wakacheka kwa kuziba midomo. Mama mmoja mwembamba alimwinamia MaDlomo, akamwonyesha Lwandiso kwa kidevu. "Wa kwako umemwachisha vidonge lini?"

"Jumatano ya wiki iliyopita."

"Mimi wangu nimempa wiki mbili. Nilitaka atoe mate." Alisema hivyo kama wanawake wanaopeana mapishi. Kando yake msichana wa miaka kama ishirini alikuwa amekaa kajikunja, anatetemeka magoti, macho yamekauka. MaDlomo aligeuza uso.

Walipoitwa, walimkuta daktari ni mwanamke kijana, amechoka, kikombe cha chai kimepoa mbele yake hadi kimeota ngozi juu. Aliitwa Daktari Sijadu. Alimsalimu Lwandiso kabla ya kumsalimu mama.

"Kaka Lwandiso, leo ni siku gani?"

"Alhamisi," akasema Lwandiso. Hakujikuna. "Ni siku ya akina mama. Lakini zinawanyonga."

"Nini kinawanyonga?"

Lwandiso alitazama pembe ya dari kana kwamba anamsubiri mwingine ajibu. Daktari akaandika, kisha akamgeukia MaDlomo. "Nyumbani anaweza kufanya nini?"

"Hakuna, daktari."

"Kupika?"

"Hawezi."

"Kujisafisha?"

"Si unamwona mwenyewe."

"Kazi yoyote? Hata ndogo? Hata ya siku moja moja?"

Hilo ndilo swali. MaDlomo alikuwa amelifanyia mazoezi tangu Jumanne ya wiki iliyopita. "Kazi gani, daktari! Hata kifungo chake hawezi kukifunga. Ni wa kukaa tu huyu. Ni mzigo wangu nilioandikiwa."

Lwandiso aliinua kichwa. Alimtazama mama yake kwa muda mrefu, kisha akanyoosha mkono polepole. MaDlomo alishtuka akarudi nyuma, na daktari akasogeza kiti. Lakini mkono ulikwenda shingoni tu. Ncha moja ya kola ilikuwa imejikunja ndani, labda kwa kubanwa na watu kule kwenye benchi. Lwandiso aliitoa kwa vidole viwili, akailaza, akaipapasa ikatulia.

"Hii nimeishona mimi," akasema. "Au umesahau, mama?" Sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa anauliza kweli, kwa hofu, kama mtu anayeuliza njia. "Au kazi nayo niliisikia tu? Hakuna MaMpinga? Hakuna mashine?"

MaDlomo alifungua mdomo. Jibu moja lilikuwa na ruzuku ya mwaka mzima ndani yake, nalo lilikuwa rahisi, neno moja tu. Lakini akisema hapana, mwanawe angeamini. Angeamini kwamba jambo pekee jema lililompata katika miaka minane nalo lilikuwa ni sauti miongoni mwa sauti. Na akishaamini hivyo, nani angemrudisha?

"Hukuisikia tu, mwanangu," akasema, na machozi yakamtoka mbele ya mtu wa serikali. "MaMpinga yupo. Mashine ipo. Kola hii umeishona wewe, na hakuna anayeshona kama wewe mtaa mzima. Mimi ndiye mwongo hapa." Akamgeukia daktari. "Anafanya kazi, daktari. Siku tatu kwa wiki. Anapika, anaoga, anaosha vyombo kuliko mimi. Leo yuko hivi kwa sababu nimemficha vidonge vyake. Siku nane. Viko ndani ya pipa la unga."

Lwandiso alipumua kwa nguvu, mabega yakashuka. "Basi ipo," akasema.

Daktari Sijadu aliiweka kalamu chini. Alimkemea MaDlomo, tena bila kupunguza kwa ajili ya umri wake. Alimwambia kuna watu huachishwa dawa hivyo na hawarudi tena walipokuwa. Alimwambia angeweza kuwa amemzika mwanawe akiwa hai. MaDlomo alikubali kila neno, akijifuta kwa kitambaa.

"Wangapi huko nje wamefanya hivi?" daktari akauliza mwishoni.

"Benchi zima, daktari. Ila yule mzee wa gongo. Yeye nadhani haumwi kitu."

Daktari alitaka kubaki amekasirika, akashindwa. Akaficha mdomo kwa kikombe cha chai baridi. Kisha akaivuta fomu.

"Nisikilize, mama. Mnadhani karatasi hii inaniuliza kama mtu ananuka. Inaniuliza kama anaweza kujilisha kwa kazi yake mwenyewe. Sasa, ana kazi ya siku tatu. Pasaka ikipita?"

"Karakana inalala hadi Agosti."

"Na akikosa vidonge?"

"Alifumua blauzi kumi na tisa."

"Mwenye kazi mwingine angemvumilia?"

"Asingemvumilia. Huyu mmoja tu."

"Basi kazi hiyo inamlisha?"

"Haimlishi, daktari. Inamponya tu."

"Ndivyo nitakavyoandika." Na kweli akaanza kuandika. "Kuna kiwango cha kipato, na malipo yake hayakifikii hata nusu. Leteni barua ya mwajiri, siku anazofanya na anacholipwa, msifiche kitu. Lakini siahidi. Mimi naandika, wengine ndio wanaoamua."

"Na Thembekile?" MaDlomo akauliza. "Mtoto wa dada ya jirani yangu. Alioga akasema ukweli, wakamkata."

"Alisema nini hasa?"

"Kwamba hajambo, anashukuru dawa."

"Ukweli nusu. Angewaambia na siku zile ambazo dawa inamshinda. Mwambie aje." Akakunja karatasi nyingine. "Na hii mpeleke kliniki sasa hivi, kabla ya maombi yako. Vidonge aanze leo, huko huko, nesi akimwona."

MaBhele alikuwa anangoja nje getini, na mwavuli wake. "Vipi? Alijikuna?"

"Nimesema kweli yote."

"Umefanya nini?" MaBhele alishika kiuno. "MaDlomo, umejichimbia kaburi kwa kijiko chako mwenyewe! Nimehangaika na wewe siku tisa!"

"Njia ya mwongo ni fupi, MaBhele. Mimi nimeshafika mwisho wake. Tupishe, tunakwenda kliniki."

Maombi ya siku ile MaDlomo hakuyawahi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu afiwe na mumewe.

MaMpinga aliiandika barua Ijumaa, kwa mkono wake, juu ya kipande cha karatasi ya kaki ya kukatia ruwaza za nguo, kwa sababu karatasi nyingine hakuwa nayo. Aliandika siku tatu, malipo kamili, miezi ya kulala na miezi ya kazi, na chini akaongeza bila kuombwa: *Ni fundi wangu bora wa kola. Akiugua namngojea.* Kisha akamwambia MaDlomo kwamba ile Jumatatu aliyoisema haipo tena. Kiti kitabaki wazi hadi kijana apate nafuu, na wembe ataushika yeye mwenyewe.

Ilichukua wiki mbili na nusu. Lwandiso alilala sana, akaamka, akalitoa taulo kwenye televisheni. Lakini siku nyingi hakuzungumza na mama yake. Alikula alichopikiwa, akasema asante, akatazama pembeni. MaDlomo aliona adhabu hiyo ni haki yake akaibeba. Kifurushi cha vidonge sasa kilikaa katikati ya meza, kando ya chumvi, na hakuna mkono mwingine uliokigusa ila wa mwenyewe.

Asubuhi moja, akiwa amevaa tayari kwenda kazini kwa mara ya kwanza tangu augue, Lwandiso alisimama mbele ya sahani yake.

"Ulivificha wapi, hebu niambie tena?"

"Kwenye pipa la unga," akasema MaDlomo, ameinamisha kichwa.

"Wiki nzima?"

"Siku nane."

Lwandiso alitafuna, akafikiri. "Ndiyo maana uji wa siku zile ulikuwa unanituliza kidogo."

MaDlomo aliinua uso haraka kuona kama ni ugonjwa. Haukuwa ugonjwa. Kijana alikuwa anauma mdomo asicheke. Mama alimpiga na taulo la vyombo, akampiga tena, kisha akalia kwenye taulo hilohilo, na Lwandiso akamshika bega hadi akamaliza.

Blauzi kumi na tisa Lwandiso alizishona zote upya, saa za mapumziko, akakataa kulipwa. Pasaka akina mama walikwenda mkutanoni wamesimama wima, na hata mke wa mchungaji hakuona tofauti.

Aprili kadi ilikuwa tupu. Mei pia. Karakana ikalala. Walikula mahindi na maharage, na maharage na mahindi, na MaDlomo akaiomba radhi kamati ya chama cha mazishi mbele ya wanachama, jambo ambalo hakuwahi kufikiri litamkuta. MaBhele hakusema "nilikwambia" hata mara moja, na kwa MaBhele hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kufunga siku arobaini. Badala yake alikuwa anapitisha bakuli la maziwa mgando juu ya ukuta, kila Jumamosi, akidai yamemzidi.

Juni, siku ya saba, simu ililia. MaDlomo aliusoma ujumbe mara tatu. Safari hii alikuwa amekaa. Ruzuku ya Lwandiso ilikuwa imekubaliwa, mwaka mmoja zaidi, na miezi miwili iliyorukwa italipwa. Chini yake walikuwa wameandika tarehe ya kupimwa upya, Machi ijayo.

"MaBhele!" akapiga kelele ukutani. "Wamekubali! Na kazi yake wanaijua!"

Kisha sauti ya MaBhele ikaja, imelegea kuliko ilivyozoeleka. "Ehe... MaDlomo? Yule daktari wako. Thembekile anaweza kwenda siku gani?"

MaDlomo alikwenda kwenye kalenda ya chama cha mazishi iliyotundikwa nyuma ya mlango. Miezi ya mwaka ujao ilikuwa imechapwa chini kwa herufi ndogondogo. Akavaa miwani, akaitafuta Machi, akaandika pembeni kwa kalamu: *Lwandiso. Aoge.*

Lwandiso alikuja akasoma begani mwake. Akaichukua kalamu, akainama kama kawaida yake, akaongeza chini yake kwa mwandiko wake ulionyooka: *Na mama aseme kweli.*

MaDlomo aliyasoma yale maneno, akayasoma tena. Akajifuta pua kwa aproni, akaenda kumtekea mwanawe maji ya kuoga.